Aliyeumia Posta Asipewe Mkupuo

Jijini Mwanza kuna maoni ambayo ukiyapinga mbele ya wafanyakazi unaonekana umetumwa na mwajiri. Mfanyakazi akiumia kazini akapata ulemavu, wanasema, haki yake ni kupewa hela yake yote kwa mkupuo aende akajitafutie maisha. Utayasikia maoni hayo Kirumba na Buzuruga, utayasikia kwa mama ntilie jirani na posta kuu, utayasikia ng'ambo Nansio na Sengerema, na tangu mjadala wa kikokotoo cha pensheni za wastaafu ulipopamba moto mwishoni mwa 2018 yamekuwa kama kauli ya imani. Anayetetea malipo ya kila mwezi anaambiwa anatetea mifuko ya pensheni. Anayedai mkupuo anapigiwa makofi Mei Mosi. Mimi nayapinga, tena nikiwa upande wa mfanyakazi. Mtu aliyeumia akashindwa kazi amepoteza mshahara, yaani kitu kilichokuwa kikija kila mwisho wa mwezi, na kitu cha namna hiyo hakirudishwi kwa hundi moja hata iwe nene kiasi gani. Nawachukua wafanyakazi wa posta kuwa mfano kwa sababu wao, kuliko kada nyingi, wamekwisha kuonja sheria ya zamani, kuvunjika kwa mwajiri wao na sheria mpya. Ushahidi wa hoja hii umo katika historia yao wenyewe.

Kwanza tuondoe dhana kwamba posta ni kazi nyepesi ya kukaa kaunta na kugonga mihuri, kwa sababu dhana hiyo ndiyo inayofanya watu washangae wakisikia mtu wa posta amepata ulemavu. Nyuma ya kaunta kuna meza za kuchambulia, kuna vifurushi na vipeto, na kuna mifuko inayoshushwa kwenye gari watu wengine wakiwa bado wamelala. Kwa taratibu za Umoja wa Posta Duniani mfuko mmoja unaruhusiwa kufika kilo 30. Kilo 30 hazimtishi kijana akizibeba mara moja. Azibebe kutoka garini hadi stoo, kutoka stoo hadi gari la Geita, kisha mfuko mwingine wa kwenda visiwani uteremshwe bandarini, wiki baada ya wiki kwa miaka ishirini, mgongo utaanza kudai chake. Siku hizi kazi imeongezeka upande wa pili. Kwa miaka mingi Mtanzania aliifuata barua yake kwenye sanduku; sasa, baada ya operesheni ya anwani za makazi ya 2022 na postikodi, ambazo kwa mkoa huu huanza na 33, kifurushi kinatarajiwa kimfuate mtu mlangoni. Mlango wenyewe, kwa Mwanza, mara nyingi uko juu ya mawe. Bugarika, Mabatini, Igogo, sehemu za Kitangiri: pikipiki inafika mahali inagoma, na anayepeleka mzigo anapanda kwa miguu kwenye ngazi zilizochongwa kati ya mwamba na mwamba, mvua ikinyesha au isinyeshe. Na akiwa juu ya pikipiki hayuko salama zaidi. Watafiti wa Bugando waliochunguza majeruhi wa ajali za barabarani waliofikishwa kwenye hospitali hiyo walikuta zaidi ya nusu ya ajali zilisababishwa na pikipiki.

Akiumia anapata nini? Hadi 2015 jibu lilikuwa la aibu. Sheria ya fidia tuliyorithi kwa mkoloni iliweka kikomo cha shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo, na viwango hivyo vikaendelea kusimama wakati thamani ya shilingi ilikuwa imekwisha kuporomoka mara nyingi. Ulikuwa mkupuo, nakumbusha, ule ule unaosifiwa vijiweni. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ikafuta utaratibu huo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Mwajiri anachangia, kwa mashirika ya umma kiwango kimekuwa asilimia 0.5 ya mishahara tangu mwanzo, na sekta binafsi, iliyoanza na asilimia 1, imeshushwa hadi kiwango hicho hicho. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Akiwa amelazwa au anauguza jeraha, analipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu ukibaki wa kudumu, anapimwa na kupewa asilimia. Ikizidi 30, anaingia kwenye pensheni ya kila mwezi. Ikiwa 30 au chini, anapewa mkupuo na faili linafungwa.

Hapo kwenye 30 ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo sheria nzuri ilipokubaliana na maoni mabaya. Asilimia hiyo inapima kiungo. Inauliza goti limebaki linakunjika kiasi gani, kidole kimekatika kwenye pingili ya ngapi, jicho linaona umbali gani. Kwa kawaida haiulizi mwenye goti alikuwa akifanya kazi gani nalo. Mchukue mtu wa kusambaza vifurushi ambaye gari lilimgonga akiwa kwenye pikipiki ya kazi, akawekewa vyuma, akatembelea magongo miezi minane, na sasa anatembea bila gongo ila hawezi kuchuchumaa, hawezi kupanda ngazi za mawe na mzigo, wala kukaa juu ya pikipiki zaidi ya dakika kumi. Mbele ya daktari huyu ana mguu unaofanya kazi. Anaweza kutoka na asilimia ishirini na kitu. Mwenzake karani aliyepoteza jicho moja anaweza kupimwa juu yake, ilhali kesho yake amerudi kwenye kiti kile kile kwa mshahara ule ule. Yule aliyepoteza kazi anapewa mkupuo, na yule aliyebaki nayo, akizidi 30, anaingia kwenye pensheni. Tena mtu wa 29 na mtu wa 31 wanatenganishwa na makadirio ya daktari, makadirio ambayo daktari mwingine wa haki kabisa angeweza kuyaweka tofauti. Ila mmoja atapokea hela kila mwezi na mwingine ataambiwa tumemalizana. Mstari huu haukubuniwa Dodoma. Sheria ya Afrika Kusini ya 1993 inao, na yetu inafanana na ile kwa mambo mengi. Kufanana na jirani hakuufanyi kuwa wa haki.

Sasa tuutazame huo mkupuo ukiwa mkononi. Tuseme, kwa mfano tu, mtu wa miaka 35 amepewa shilingi milioni 9. Kwa hesabu ya kijiweni huo ni mtaji: pikipiki mbili za boda na frem ya duka Nyakato, chenji inabaki. Kwa hesabu ya kalamu, kutoka miaka 35 hadi 60 ni miezi 300, na milioni 9 ukizigawa kwa miezi 300 unapata shilingi 30,000 kwa mwezi, kabla hajanunua dawa ya maumivu wala kulipa ada ya mtoto. Mtetezi wa mkupuo atasema hela haikai, inazaa. Inazaa wapi? Kando ya ziwa hili tunajua hela za mkupuo huenda wapi: kwenye nyavu na mtumbwi, kwenye dagaa, kwenye boda, kwenye kiwanja Buhongwa au Kisesa, kwenye frem. Kila moja ya biashara hizo ina wenyewe, watu wenye afya waliozianza wakiwa vijana, na bado wanaanguka. Mwaka 2018 Operesheni Sangara, ya kupambana na uvuvi haramu, ilichoma nyavu nyingi kandokando ya ziwa. Iwe ilikuwa sahihi au la, aliyekuwa ameweka kila kitu chake kwenye nyavu zile alibaki na majivu. Mwaka 2009 watu walipanda "mbegu" kwenye upatu wa DECI wakingoja mavuno, na Serikali ilipoifunga mbegu zikawa zimeliwa. Sisemi kila mwenye mkupuo atapoteza. Nasema tunamchukua mtu ambaye ndiyo kwanza amepoteza uwezo wake wa kutoka jasho, tunamtwika hatari ambazo mzima mwenye uzoefu hazimudu, halafu tunaita hiyo haki.

Kuna jambo jingine ambalo kila mtu analijua ingawa halisemwi kwenye mikutano. Hela ya mkupuo haina siri. Siku inapoingia benki, ukoo mzima umeshajua, na kila mwenye shida ana hoja: ada ya mpwa, mahari, bati za nyumba ya bibi, mgonjwa Bugando. Mlemavu mpya, aliyekuwa akisaidiwa na ndugu hao hao wakati wa kuuguzwa, anakataaje? Hakatai. Na hakosei kutokataa, maana ndugu ndiyo bima aliyokuwa nayo kabla ya sheria yoyote. Lakini pensheni ya kila mwezi inamlinda kwa namna ambayo mkupuo hauwezi: ni ndogo kiasi cha kutomvutia mkopaji, na inarudi. Ndugu anaweza kuomba ya mwezi huu. Hawezi kuomba ya miaka ishirini ijayo.

Hapa najibiwa kwamba nawafanya watu wazima kuwa watoto. Mfanyakazi ana akili zake, apewe chake, akikosea ni juu yake. Hoja hii ina uzito kwenye akiba, na ndiyo maana ilikuwa na nguvu kwenye kikokotoo. Pensheni ya uzeeni inajengwa na michango ambayo sehemu yake imekatwa kwenye mshahara wa mtu, kwa hiyo anaposema "hela yangu" anasema kweli. Na hata huko wafanyakazi wa mashirika ya umma wangepaswa kuangalia kwa makini kabla ya kubeba bango la wengine. Waliokuwa PPF, mfuko wa mashirika, walikuwa wakilipwa asilimia 25 ya pensheni yao kwa mkupuo. Waliokuwa wakipata 50 ni wa PSPF na LAPF, mifuko ya watumishi wa Serikali Kuu na serikali za mitaa. Kanuni za 2018 zilipotaka wote washuke hadi 25, waliokuwa wakishushwa ni hao wa 50, na kelele zao zilikuwa za haki hadi Rais Magufuli akazisitisha Desemba 2018. Ilipokuja asilimia 33 Julai 2022, wa mashirika walipanda, na nyongeza iliyotangazwa kwenye bajeti ya Juni 2024 ikawapeleka 35. Bado wengi wao wanazungumza kana kwamba wamenyang'anywa nusu. Lakini tuliache hilo. Fidia si akiba. Hakuna aliyekatwa ili aiweke. Ni wajibu wa mwajiri aliyempa mtu pikipiki, mzigo na mlima, na wajibu huo unadumu kadiri hasara inavyodumu. Uhuru wa kuchagua una maana pale mtu anapochagua kati ya vitu anavyoweza kuvipima. Nani anayeweza kupima ataishi hadi lini, goti litaharibika zaidi au litapoa, unga utauzwa bei gani 2045? Mfuko wenye maelfu ya watu unaweza kukadiria hayo kwa pamoja. Mtu mmoja hawezi, na kumwachia akisie si kumheshimu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la kutoaminiana. Mifuko inakopwa, wanasema. Bora changu mkononi kuliko ahadi ya Serikali. Siwezi kulipuuza kwa sababu lina ushahidi. Serikali iliwahi kubeba deni kubwa kwa PSPF, lililotokana na wanachama wa kabla ya 1999 waliolipwa pensheni bila michango yao kuwekwa, na baada ya mifuko minne kuunganishwa kuwa mfuko mmoja wa utumishi wa umma, PSSSF, Agosti 2018 deni hilo likahamia huko. Mwaka 2021 sehemu yake ililipwa kwa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17, yaani karatasi ya kuahidi na si fedha taslimu. Anayeogopa haogopi kivuli. Ila tuulize: katika historia ya posta, ni malipo ya namna gani yaliyowasaliti watu zaidi?

Hadi 1977 mfuko wa barua uliopita Mwanza ulikuwa wa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, makao makuu Kampala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mali na madeni yalikuja kugawanywa kwa mapatano ya 1984, Kenya ikahesabiwa asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na kila nchi ikabeba wajibu wa kuwalipa wafanyakazi wake. Wafanyakazi wa posta, reli, bandari na ndege wakangoja. Wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2005, miaka 28 baada ya kuvunjika, Serikali ikakubali mahakamani kuwalipa wadai zaidi ya 31,000 jumla ya shilingi bilioni 117, na hata baada ya hapo wazee waliendelea kulalamika na kuandamana Dar es Salaam wakisema hesabu hazikukamilika. Wengi walikufa wakisubiri. Ninachokiona kwenye sakata hili ni kinyume cha kile kinachosemwa. Walichokuwa wakidai kilikuwa donge moja la hela, na donge moja lina kasoro hii: mdaiwa anaweza kulibishania milele. Kiasi gani, kwa riba ipi, kwa orodha ipi, kwa sheria ya nchi ipi. Kesho iko mbali daima. Malipo ya kila mwezi yakikatika, yanajulikana mwezi huo huo. Tarehe ya malipo ikipita, foleni ya benki inapiga kelele kuliko wakili yeyote. Serikali zetu zimezoea kuchelewesha vitu ambavyo havina tarehe. Mwenye kuogopa kukopwa angepaswa kutaka deni lake liwe na tarehe kila mwezi.

Historia hiyo ina jibu pia kwa wale wanaosema posta inakufa, barua zimekwisha, kwa hiyo mtu achukue chake shirika lingali hai. Kwamba barua zimepungua ni kweli. Kwamba mzigo umepungua si kweli, kwa sababu huduma ya haraka ya EMS na vifurushi vya biashara za mtandaoni vimechukua nafasi. Lakini hata posta ingefungwa kesho, pensheni ya WCF hailipwi na posta. Inalipwa na mfuko ambao waajiri wote wanachangia, wa migodi ya Geita, wa viwanda vya samaki, wa shule na wa mabasi. Mwaka 1977 mwajiri alivunjika, na 1994 Shirika la Posta na Simu likagawanywa tena, posta huku na simu kule. Mara zote mbili mfanyakazi aliyekuwa na dai lake kwa mwajiri alikuwa na kila sababu ya kutetemeka. Leo dai la aliyeumia halifi na mwajiri wake. Hilo ndilo jambo bora kuliko yote katika sheria ya 2008, na mkupuo unalitupa.

Kwenye kupanda kwa bei, wapinzani wangu wana haki na sitajaribu kuwapokonya. Katika miaka ya karibuni mfumuko wa bei nchini umekuwa karibu na asilimia 3. Ni kiwango cha utulivu, na bado baada ya miaka 20 shilingi 100,000 itanunua kitu cha kama shilingi 55,000 za leo. Pensheni isiyopanda ni mkupuo unaolipwa polepole huku ukiyeyuka. Ndiyo maana nyongeza isiachwe ingoje hotuba ya bajeti au mwaka wa uchaguzi. Iandikwe kwenye sheria kwamba pensheni ya ulemavu inapanda kila Julai kwa kadiri ya bei zilivyopanda. Vyama vya wafanyakazi vikitumia nusu ya nguvu vilizotumia kwenye kikokotoo kulidai hili, vitakuwa vimefanya kazi kubwa.

Linabaki lile la uvivu, ambalo waajiri hulisema kwa sauti na wafanyakazi kwa kunong'ona: mtu akilipwa kila mwezi bila kufanya kazi atajizoesha. Nchi iliyojaribu muda mrefu ni Marekani. Tangu 1916 wana sheria ya fidia ya watumishi wa serikali kuu, na wafanyakazi wa posta yao ndio kundi kubwa la wanaolipwa chini yake. Asiye na mtegemezi hulipwa theluthi mbili ya mshahara, mwenye wategemezi robo tatu, na anayeweza kufanya kazi nyepesi yenye mshahara mdogo hulipwa kwa kufuata tofauti kati ya alichokuwa akipata na anachoweza kupata sasa. Aliyepoteza kiungo ana stahiki yake ya kiungo, mbali na stahiki ya mshahara. Wamelalamikia sheria yao kwa miaka, hasa kwamba wapo wanaobaki kwenye fidia hata baada ya umri wa kustaafu kwa sababu inawalipa kuliko pensheni. Kasoro hiyo inarekebishika kwa kuweka umri wa kuhama kutoka fidia kwenda pensheni ya uzee. Msingi wao, kupima hasara ya kipato, unabaki ndio swali sahihi. Na malipo ya tofauti ya mshahara hayamzoeshi mtu kukaa. Yanampa sababu ya kurudi kazini, kwa sababu akirudi kwenye kazi nyepesi hapotezi.

Mkupuo ndio unaomtoa mtu kazini. Ukishalipwa, mwajiri anajiona amemaliza. Kiti kinatafutiwa mwingine. Sheria zetu zinasema vingine. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka mwajiri ajitahidi zaidi kumtafutia kazi mbadala yule aliyeumia kazini, na sheria ya fidia yenyewe inazungumzia utengamao, si hela tu. Posta ina viti vingi kuliko mgodi: kaunta, ufuatiliaji wa EMS, dawati la Huduma Pamoja, uchambuzi wa vipeto. Mtu wa goti bovu aliyezijua njia za Mabatini kwa miaka kumi ana thamani kwenye meza ya kupanga mizunguko ya vifurushi. Akihamishiwa huko kwa mshahara ule ule, apewe mkupuo wa kiungo chake na hakuna ubaya. Hapo mkupuo uko mahali pake. Akihamishiwa kwa kipato pungufu, alipwe tofauti kila mwezi. Asipopatiwa kazi, alipwe kila mwezi, iwe daktari ameandika 29 au 31.

Nakiri kwamba haya yote yanamhusu aliye kwenye orodha ya mishahara. Kijana wa boda anayelipwa kwa kifurushi, na kondakta wa basi la Bukoba anayechukua mzigo chini ya kiti, hawamo, na mtaa wao ndio unaopiga kelele za mkupuo zaidi kwa sababu hawajawahi kuona malipo ya aina nyingine. Suala lao linataka makala yake. Ila haliwezi kutatuliwa kwa kuwashusha walio ndani ya uzio hadi walipo walio nje.

Kwa hiyo wafanyakazi wa posta wa Mwanza, na vyama vyao, waache kubeba bango la mkupuo kwenye mambo ya ulemavu. Wapeleke kwa wabunge wa Kanda ya Ziwa madai matatu yanayoweza kuandikwa kwenye karatasi moja: sheria ya 2008 ibadilishwe ili malipo ya kila mwezi yafuate kipato kilichopotea badala ya asilimia ya kiungo pekee, mstari wa 30 ubaki kwa wale tu ambao mshahara wao haukupungua, na pensheni ya ulemavu ipande kila mwaka pamoja na bei. Mei Mosi ijayo bango liandikwe hivyo.